Chuma Kilichosuguliwa kwa Majivu

Siku helikopta ilipoanguka katika chai yetu, mimi nilikuwa Ruring'u tukifunga shule. Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi huko. Muhula ukiwa unaendelea nakaa katika chumba cha kupanga, na likizo ikifika narudi nyumbani, kwenye miinuko iliyo juu ya Othaya, kwa mama mkwe wangu. Sote tunamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, kama wanavyomwita wajukuu. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kenol, na mara nyingi likizo hutukuta sisi wawili tu, mimi na Cucu, tukivumiliana.

Niliposhuka kwenye gari jioni ile nilikuta watu wamejaa barabarani, na kila mmoja alikuwa na ndege yake. Huyu alisema ilikuwa inaenda kumchukua bibi harusi. Yule akasema ati rubani alikuwa akicheza, akishuka chini chini ili wachuma chai wampungie mkono. Mwingine aliapa kwamba ilizunguka yenyewe hewani kama kishada kilichokatika, ndipo ikaanguka. Niliuliza ni nani aliyeona kwa macho yake. Wote walikuwa wameona, hata mmoja ambaye nilijua vizuri kwamba alishinda Nyeri mjini tangu asubuhi.

Rubani alikuwa peke yake ndani. Majirani walimtoa wakamleta uani kwetu, wakamlaza karibu na tangi la maji. Hapo ndipo alipokata roho, kichwa chake kikiwa kwenye leso ya Cucu. Polisi walikuja wakachukua mwili, wakazungushia utepe sehemu ya chini ya shamba ambako mzoga wa helikopta ulikuwa umelala, wakaondoka na ahadi kwamba wakubwa wangekuja. Vipande vidogo vilivyotapakaa kwenye chai vilikuwa tayari vimekusanywa na watu wakavileta uani, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawana haya, hata matanga hawaheshimu. Vilirundikwa palepale alipolazwa yule kijana, vikalowa damu yake.

Basi nilipoingia uani nilimkuta Cucu amechutama kando ya tangi na karai, majivu, na waya wa kusugulia sufuria. Alikuwa anaosha. Vipande alivyomaliza alikuwa amevianika kwenye uchanja wa vyombo, pamoja na vikombe vyetu, na vilikuwa vinang'aa kuliko vikombe. Sikushangaa. Mtu anayemjua Cucu hawezi kushangaa. Huyu ni mwanamke anayesugua sufuria mpaka chini, mahali ambapo moto tu ndio hupaona. Kwake, chombo cha mtu hakirudishwi kichafu; ukiazima sahani ukairudisha na mafuta, umemtukana mwenyewe na ukoo wake.

"Watu wake watakuja kuchukua vitu vyake," aliniambia bila kuinua uso. "Wakute damu?"

Niliweka mkoba chini nikaenda kuwasha moto wa chai. Kama kuna aliyefikiri kwamba kuosha kungekuwa kosa, hakuwa katika boma lile.

Kesho yake chifu alikuja. Alisimama kwenye ngazi akatangaza kana kwamba sisi wawili ni mkutano mzima. "Nasema hivi na sitarudia. Hiyo mambo ya ndege iko na wenyewe. Mtu yeyote ameguza kitu, ameharibu ushahidi, na huyo ataenda ndani. Mzee kwa kijana." Halafu akanywa chai, akala ndizi za kuchemsha, akasema mvua ni nzuri mwaka huu. Nilimwona Cucu akitazama uchanja, na mikono yake ikitafuta mahali pa kukaa kwenye aproni.

Mchunguzi wa ajali za ndege alifika wakati wa ukungu. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Mombasa, mpole, na koti lake halikuwa la baridi ya kwetu. Alimwambia Cucu "Shikamoo, bibi," na Cucu akanigeukia kwa macho ya ati huyu ananitaka nini. Nikaitikia marahaba kwa niaba yake. Kiswahili cha Cucu ni cha sokoni; kinatosha kununua viatu na kumfukuza mtu. Kiswahili cha mgeni yule kilikuwa kile ninachojaribu kuwafundisha watoto kila siku bila mafanikio. Aliposikia kazi yangu alifurahi kupita kiasi. "Basi Mungu ametuletea mkalimani," akasema, akaomba nisiondoke nyumbani mpaka amalize.

Ningekuwa na akili ningekataa palepale. Lakini nilijiona wa maana.

Swali lake la kwanza lilikuwa jepesi. Alivitazama vile vipande kwenye uchanja, akauliza, "Muulize bibi, kuna mtu aliyevigusa tangu vilipoletwa hapa?"

Nikamuuliza. Cucu alijibu kwa Kikuyu, upesi, kama aliyekuwa na jibu mdomoni tangu chifu aondoke: hapana, mvua ndiyo iliyoviosha.

Yule mtu alikuwa ananitazama mimi, kalamu mkononi. Cucu naye alikuwa ananitazama. Nilijua ninachojua. Nikajiambia kwamba mjumbe hauawi, kwamba kazi yangu ni kupitisha maneno kutoka upande huu kwenda ule, na kwamba maneno si yangu. "Anasema ni mvua," nikasema. Na kweli alikuwa amesema hivyo.

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kunibana. Utepe ulipita katikati ya njia yetu, na hatukuwa na njia nyingine ya kutokea barabarani ila kupitia mashamba ya watu huku umande ukikulowesha hadi kiunoni. Askari aliyelinda alitaka kujua kila nitokapo naenda wapi, na kila nirudipo nimebeba nini. Chai haikuchumwa. Ilianza kurefuka, majani mawili na chipukizi yakawa majani matano, magumu, ya kuudhi, na majirani ambao mipaka yao ilikuwa imefungwa pamoja na yetu wakaanza kunisalimu kwa upande wa mdomo. Mvua ilinyesha bila kupumzika. Mchana kutwa mimi na Cucu tulikaa jikoni, moshi ukitutoa machozi, na lile neno mvua likiwa limekaa katikati yetu kama mgeni wa tatu.

Siku moja niliamua kumwambia amweleze yule bwana ukweli. Hata sikumaliza sentensi. "Nifungwe Nyeri na umri huu?" akasema. "Nilale na wezi kwa sababu ya kuosha?" Nikampigia mume wangu, nikitumaini atanisaidia kumsihi. Nilisikia mabati yakipakuliwa nyuma yake. "Wewe nyamaza," akaniambia. "Mama ni mzee. Hiyo chuma imeoshwa, haiwezi kurudi ilivyokuwa. Ukisema, itasaidia nani?" Nilimchukia kidogo kwa sababu sikuwa na jibu. Nilifikiria kurudi Ruring'u, chumbani kwangu, nifunge mlango nisahihishe madaftari ya muhula uliopita kwa mara ya pili. Lakini nilikuwa nimeombwa nisiondoke, na nikiondoka, yule bwana angeuliza kwa nini.

Kumbe naye alikuwa amekwama. Alikuwa anatembea kwenye chai kutwa nzima na suruali iliyolowa, akipima, akipiga picha, akirudi jikoni kuota moto. Cucu alimhurumia. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Cucu badala ya jembe alimpa sweta ya marehemu baba mkwe, ya kahawia, yenye viraka viwili kwenye viwiko. Aliivaa. Alimletea Cucu sukari. Ukiwaona vile ungesema ni mama na mwanawe aliyerudi kutoka mbali, na mimi nilikaa kati yao nikipitisha uongo wa mmoja kwa mwingine, na viazi.

Halafu mke wa rubani akaja.

Alikuwa binti mdogo, na mtoto mgongoni. Aliletwa na mchunguzi kwa sababu aliomba kuona mahali. Alikuwa mzaliwa wa magharibi mwa nchi lakini alikulia Nairobi, na alikuja na ile sauti ya mtu ambaye amelia mpaka amechoka na kulia. Cucu alimshika mikono yote miwili akamwonyesha kando ya tangi. Hakumficha. Alimwambia, nami nikamtafsiria, kwamba mume wake hakufa peke yake, kwamba alishikwa kichwa, kwamba aliomba maji akapewa. Binti akapiga magoti kwenye matope na mtoto wake, na sisi tukamwacha hapo mpaka aliposimama mwenyewe.

Ndani, tulipompa chai, alisema kilichomleta. Wenye helikopta walikuwa tayari wanasema kwamba mume wake alikuwa anacheza. Ati alishuka chini ili awafurahishe wasichana. Baba mkwe wake alikuwa amesikia hayo, na sasa kwa aibu hataki kumwangalia mjukuu. "Nataka tu kujua," akamwambia mchunguzi. "Kama ni yeye, nitajua ni yeye. Lakini sitaki kuambiwa na watu wa kuongea tu."

Mchunguzi alisitasita. Alisema uchunguzi haujaisha. Lakini binti alimkazia macho, na yule bwana alikuwa na moyo, na watu wenye moyo hushindwa na kazi kama zile. Alitoka, akarudi na kipande kimoja cha vile vya uchanjani ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa fimbo fupi, urefu wa mwiko, imekatika upande mmoja.

"Hiki huendesha ule mkia wa nyuma," akasema. "Kikikatika angani, ndege huzunguka, na rubani hata awe hodari vipi hawezi kuizuia. Kikikatika kwa kugonga chini, basi sababu ni nyingine." Akageuza sehemu iliyokatika kuelekea mwanga wa mlango. "Chuma kikiwa na ufa wa zamani, ule ufa huanza upande mmoja, ukatambaa polepole. Uchafu huingia, kutu huingia. Upande ule huwa mweusi. Upande uliokatika mwisho ndio hung'aa. Sasa hiki," akanyamaza kidogo, "hiki kinang'aa chote. Maabara itasema zaidi. Lakini kwa macho yangu, kilikuwa kizima mpaka kilipogonga."

Binti alikitazama kile chuma. "Kwa hivyo ni yeye."

"Sijasema hivyo."

"Lakini ndiyo maana yake."

Mchunguzi alikishusha kile chuma.

Cucu alinivuta nguo. "Wanasema nini?"

Sitasahau ule muda. Moto ulikuwa unalia kwa kuni mbichi, mtoto alikuwa amelala mdomo wazi, na mimi nilijiona nimefungiwa ndani ya chumba ambacho mlango wake ni mdomo wangu. Ningeweza kumwambia kwamba wanazungumza juu ya safari. Ningeweza kumwambia nusu. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na chifu na maneno yake ya ngazini, na hasira na mume wangu na mabati yake. Basi nikamwambia yote. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, taratibu, neno kwa neno: ufa, upande mmoja, weusi, kutu, na kwamba chuma kinachong'aa chote maana yake ni rubani. Nikamwambia baba mkwe wa huyu msichana hamtaki mtoto. Sikuongeza langu.

Cucu akasimama, akamtazama mchunguzi, na badala ya kunipa mimi maneno akayasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Si mbura. Ni mimi. Ni mimi nirisugua hiyo chuma."

Nadhani niliona aibu, na pia nilimpenda, vyote pamoja, na sikujua vikae wapi. Mchunguzi aliivua miwani yake akaifuta kwenye ile sweta ya kahawia. Nilingoja agombe. Hakugomba. Aliuliza tu kwa nini alisema ni mvua, nami nikamwambia habari ya chifu, na akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kukutana na machifu wengi.

"Hakuna atakayemfunga," akasema. "Mwambie." Nikamwambia, lakini Cucu alikuwa ameshatoka kwenye mambo ya kufungwa. Alikuwa anamtazama binti.

Mchunguzi akavaa miwani tena. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kazi. Alisema kwamba sasa kile chuma hakiwezi kusema chochote, kwa sababu uso wake umesuguliwa. Aliyebaki kusema ni aliyekisugua. "Muulize, mwalimu. Alipokichukua, kabla hajaanza kusugua, pale kilipokatika palikuwa na rangi gani?"

Nikauliza.

Ningetaka niseme kwamba Cucu alikitazama chuma. Hakukitazama. Alimtazama binti, akamtazama mtoto, halafu akarudi kwa binti. Ni mimi tu niliyeliona hilo, kwa sababu mchunguzi alikuwa ameinama anaandika na binti alikuwa amefunga macho.

"Palikuwa peusi," akasema.

"Pote?" mchunguzi akauliza kupitia kwangu.

"Upande mmoja. Nilisugua sana, palikuwa pagumu kutoka."

Upande mmoja. Nilikuwa nimempa mimi mwenyewe neno hilo, muda mfupi tu uliopita, taratibu, kama darasani. Nililitafsiri likarudi lilikotoka. Mchunguzi aliandika. Binti alifunika uso kwa leso ya mtoto na kulia kilio cha aina nyingine kabisa, kile kinachomlegeza mtu mabega, na Cucu akaenda kuketi karibu naye, akaanza kumwimbia mtoto ambaye tayari alikuwa amelala.

Waliondoka kabla ya giza. Utepe ulitolewa baada ya siku chache, mabaki yakapakiwa kwenye lori, na tukaingia shambani na panga kukata ile chai iliyozeeka, kwa sababu haikuwa ya kuchumwa tena. Nilidhani nitajisikia nimefunguliwa. Njia ilikuwa wazi, askari hakuwepo, ningeweza kwenda nitakako. Lakini kila nilipomtazama Cucu akiinama juu ya karai, nilirudi palepale jikoni.

Mwishowe nikamuuliza. Tulikuwa tunamenya viazi. Nilimwambia sitamwambia mtu, hata mwanawe. Nataka tu kujua kama kweli palikuwa peusi.

Aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, bila kukatika, likaanguka miguuni pake.

"Sijui," akasema. "Sikuangalia. Nilikuwa naosha damu ya mtoto wa mtu. Unafikiri niliweza kuangalia?"

Nilimwambia basi alidanganya. Nilisema kwa ukali, na sauti yangu ikaniudhi mwenyewe. Cucu hakukasirika. Alisema inawezekana palikuwa peusi na inawezekana hapakuwa, na kwamba hakuna mtu duniani anayejua, kwa hivyo amechagua. Akaniuliza ningechagua nini. Nikasema mimi si wa kuchagua, mimi nilikuwa natafsiri tu. Akanitazama kwa namna ambayo sijapata kuisahau, si ya dharau, ya huruma hasa, akaniambia nilete maji.

Binti alipiga simu likizo iliyofuata. Alikuwa na namba yangu. Ripoti ilikuwa imetoka, akasema, na ingawa ilikuwa imejaa maneno ya huenda na yawezekana, ilisema kwamba kwa maelezo ya shahidi aliyekiona kile chuma kabla hakijaoshwa, huenda kilikuwa na ufa wa zamani. Wenye helikopta walikuwa wamenyamaza. Baba mkwe wake alikuwa amekuja na mbuzi, akamshika mtoto, akamwita kwa jina la marehemu.

"Nataka niongee na shosho," akasema, akimaanisha Cucu. "Nimwambie asante. Na nataka nimuulize tena, mara moja tu. Mzee yuko hapa na mimi, anataka kusikia kutoka kwake mwenyewe. Muulize kama ni ukweli ilikuwa black."

Nilibonyeza sauti itoke nje. Cucu alikuwa ng'ambo ya ua, anapeta maharagwe kwenye ungo, anapuliza makapi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wake na hakusikia. Ningeweza kumwita. Alikuwa karibu kiasi cha kuitwa bila kupaza sauti. Kwenye simu nilimsikia mzee akikohoa, na nyuma yake mtoto akicheka kitu fulani.

Sikumwita.

"Anasema ndiyo," nikasema. "Palikuwa peusi upande mmoja. Anakumbuka vizuri."